Volksi 1300 ya 1970 inayumba na kula tairi mbele na nyuma, alainimenti imeshafanywa mara mbili

kobe_wa_langata

Salamu wadau. Naomba mnisaidie kusoma dalili kabla sijanunua kipuri kingine.

Gari ni Volksi 1300 ya 1970. Mbele ni boljointi, nyuma ni zile eksili mbili zinazobembea kutoka kwenye giaboksi. Tairi za mbele ni 155R15, za nyuma 165R15. Upepo ni psi 30 zote nne.

Ikipita kilomita 70 kwa saa pale Mombasa Road huwezi kuachia usukani hata kidogo, inatangatanga kama inatafuta njia, na lori likikupita ndiyo kabisa. Inavuta kushoto. Kati ya 80 na 90 usukani unatetemeka, ukivuka hapo unatulia. Tairi za mbele zimeliwa ukingo wa ndani na katikati, na ya kushoto ina mabonde mabonde. Za nyuma zimekwisha upande wa nje huku upande wa ndani bado una vinyweleo vya kiwandani. Hizo zote zina kilomita kama 8,000 tu.

Karatasi ya mashine, mara ya pili:

Mbele: toe (magurudumu kutazama ndani au nje) jumla 0°05'. Kemba (gurudumu kuinama kwa upande) kushoto +0°25', kulia +0°35'. Kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani) 1°45' pande zote mbili.
Nyuma: kemba kushoto +5°10', kulia +5°00'.

Kwenye safu ya kipimo cha kulenga wameandika toe 0°00' ± 0°10', kwa hiyo ikatokea kijani. Kasta na kemba ya nyuma zilikuwa nyekundu, nikaambiwa Volksi haina mahali pa kurekebisha hizo. Ni kweli?

---

rimu_pana

Toa hizo tairi nyembamba, weka rimu pana na shoki ngumu, itakaa chini. Halafu kumbuka ni gari la miaka hamsini na kitu, kuyumba ni kawaida yake.

---

torsheni_na_grisi

Ndugu rimu_pana, Volksi ilishinda mbio za Safari mwaka 1962, na njia za wakati ule hazikuwa na lami ya Mombasa Road. Kuyumba si kawaida yake. Rimu pana kwenye gari lenye kasta ya digrii moja na robo tatu ni kuongeza petroli motoni, kwa sababu tairi pana hufuata kila mfereji uliochimbwa na malori.

Kobe, karatasi yako imesema karibu kila kitu, ila imesomwa kuanzia mwisho. Anza na nyuma.

Kemba ya digrii 5 chanya nyuma maana yake gari limepiga matege: juu ya magurudumu kumetoka nje, chini kumeingia ndani. Kwa eksili za kubembea kemba haikai peke yake, inafuata kimo. Gari likiinuliwa, matege. Likilala, magoti yanagongana. Kwa hiyo si kweli kwamba hairekebishiki. Inarekebishwa kwa kurudisha kimo, na kimo cha nyuma kinapangwa kwenye meno ya chuma cha torsheni, kile kinachojinyonga kufanya kazi ya springi. Mtu fulani huko nyuma aliinua hilo gari, pengine kwa ajili ya matuta na njia za mashambani, na hakuna aliyelirudisha. Hapo ndipo ukingo wa nje wa tairi zako ulipokwenda.

Sasa angalia kasta. Kipimo cha kiwanda kwa bimu (mhimili wa mbele) ya boljointi ni 3°20', kupungua au kuzidi digrii 1. Wewe una 1°45'. Umepoteza 1°35'. Kasta ndiyo inayofanya usukani urudi katikati wenyewe na gari lishike mstari, kama gurudumu la toroli linavyofuata nyuma ya mhimili wake. Ukiinua matako ya gari, pua inainama na kasta inapungua digrii kwa digrii. Umbali kati ya eksili ya mbele na ya nyuma kwenye Volksi ni milimita 2400. Kila milimita 42 unazoinua nyuma zaidi ya mbele zinakula digrii 1 ya kasta. Piga hesabu: 1°35' ni milimita 66 hivi.

Zimetoka wapi milimita 66? Tairi ya 165R15 ina kimo kinachozidi 155R15 kwa kama milimita 17 ya kipenyo, yaani gari linainuka milimita 8. Zinabaki 58. Chuma cha torsheni kina meno 44 upande wa nje, na jino moja ni 8°10'. Kwenye urefu wa lile bamba la springi, kutoka kitovu cha chuma hadi kwenye eksili, jino moja la nje ni karibu milimita 58. Sijaliona gari lako, lakini ningeweka dau kwamba aliyeinua aliruka jino moja la nje kila upande akafunga, maana hiyo ndiyo njia ya mtu asiye na kipimo cha pembe.

Kabla ya kugusa torsheni, fanya mambo ya bure kwanza.

Upepo. Psi 30 mbele ni jiwe. Injini iko nyuma, pua ni nyepesi, na kitabu cha gari kwa tairi za rediali kinasema 18 mbele na 27 nyuma kwa watu wawili. Psi 30 mbele inafanya tairi isimame kwa katikati tu (ndiyo sababu katikati kumeliwa) na pua idunde badala ya kushika. Tofauti ya mbele na nyuma ndiyo dawa: mbele lazima iwe na upepo pungufu wazi kuliko nyuma, la sivyo mkia unataka kutangulia. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe.

Kisha pandisha pua kwa jeki, weka stendi chini ya bimu, shika gurudumu saa 12 na saa 6 ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni boljointi au beringi za ndani ya bimu. Mwambie mwenzako aweke kidole kwenye kiungo chenyewe wakati unatikisa, kidole kinasikia kuliko jicho. Halafu shika saa 3 na saa 9: hapo unauliza tai rodi endi (kiungo cha ncha ya fimbo ya usukani) na stelingi boksi.

Usukani wenyewe: magurudumu yakiwa chini na yamenyooka, zungusha kidogo kidogo ukitazama tairi. Mchezo kwenye ukingo wa usukani usizidi milimita 15. Ukizidi, usikimbilie kukaza ile skrubu ya stelingi boksi kabla hujahakikisha boksi iko katikati, nitaeleza hapo chini kwa nini.

Leta majibu.

---

bi_spana

Nakubaliana na torsheni kuhusu nyuma. Mimi niongeze upande wa tairi za mbele, maana zinazungumza mambo matatu tofauti kwa pamoja.

Kobe, pitisha kiganja juu ya tairi ya mbele kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Upande mmoja utateleza, mwingine utakwaruza kama msumeno. Ikikwaruza ukienda ndani kutoka nje, magurudumu yalikuwa yanatazama nje gari likitembea, yaani toauti. Ikikwaruza ukitoka ndani kwenda nje, ni toini iliyozidi. Kwa kuwa wewe umeliwa ukingo wa ndani huku kemba yako ni chanya kidogo, na kemba chanya hula nje, natarajia utakuta toauti.

Lakini karatasi inasema toini ya 0°05'! Hakuna uongo hapo. Mashine inapima gari limesimama. Gari la kusukumwa kutoka nyuma likitembea, barabara inayavuta magurudumu ya mbele kurudi nyuma na kuyafungua, na kila kiungo kilicholegea kinaachia kidogo. Ndiyo maana kiwanda kilitaka 0°30' ya toini, kupungua au kuzidi 0°15', ili barabarani yafike karibu na sufuri. Aliyelenga 0°00' ± 0°10' alikuwa na kipimo cha gari jingine kabisa kwenye kompyuta, na rangi ya kijani ilikuwa ya gari hilo jingine.

Hayo mabonde ya tairi ya kushoto si ya alainimenti. Mabonde yanatokea gurudumu linaporuka: shoki imekufa, beringi imelegea au gurudumu halina balansi. Mara nyingi ni viwili kati ya hivyo. Shoki ibonyeze kona ya gari uachie. Ikipanda, ikishuka mara moja na kutulia, ina uhai. Ikicheza zaidi ya hapo au ikiwa imelowa mafuta mwilini, toa zote mbili za mbele, usibadilishe moja.

Mtetemo wa 80 hadi 90: peleka magurudumu kubalansiwa, lakini simama hapo. Rimu ya Volksi inashikwa kitovuni na boliti zake, haikukusudiwa kukaa kwa tundu la katikati. Fundi akiibana kwenye mashine kwa koni tu, anabalansi gurudumu lililokaa upande. Anahitaji ile bamba ya kushika kwenye matundu ya boliti. Kama hana, nenda kwingine. Na kabla ya kuweka risasi za kubalansi azungushe gurudumu mbele ya kitu kilichosimama imara, hata msumari kwenye kipande cha mbao. Rimu ikitoka nje ya mstari zaidi ya milimita 1.5 haibalansiki kwa uzito, inahitaji kunyooshwa au kubadilishwa. Mashimo ya Nairobi yamepinda rimu nyingi ambazo wenyewe wanalaumu tairi.

Kuvuta kushoto: sisi tunaendesha kushoto na barabara zimeinama kuelekea mtaro, kwa hiyo kuvuta kidogo kushoto ni kazi ya barabara. Jaribu kwenye eneo tambarare la kuegesha magari. Ikiendelea, badilisha tairi za mbele upande kwa upande. Mvuto ukihamia kulia, ni tairi. Usipohama, endesha kilomita tano bila kukanyaga breki sana, halafu guse ngoma za mbele kwa nyuma ya mkono. Ya kushoto ikiwa moto kuliko ya kulia, breki inashika.

Na soma tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Volksi hutembea kidogo, tairi zake huzeeka kabla ya kuisha. Tairi ya 2009 yenye kashata (uso wa kukanyagia) kamili bado ni tairi ya 2009.

---

kobe_wa_langata

Asanteni sana. Nimepata haya:

Upepo 18 na 27: nusu ya kuyumba imekwisha siku hiyo hiyo. Sikuamini.

Msumeno: inakwaruza nikienda kutoka nje kwenda ndani, kama bi_spana alivyosema.

Gurudumu la kushoto saa 12 na 6 linacheza, breki ikikanyagwa halichezi. Saa 3 na 9 la kushoto linacheza pia, tai rodi endi ya nje inaonekana ikipanda na kushuka. Kulia hakuna kitu. Boljointi zote nne zimetulia.

Usukani: mchezo kama milimita 30. Na nikihesabu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ni mizunguko 2.6, lakini ukiwa umenyooka barabarani ni 1 kwenda kushoto na 1.6 kwenda kulia.

Nyuma: fundi wetu alifungua pande zote mbili na kuachia mabamba yaning'inie. Baada ya kutoa pembe ya kizingiti cha mlango, kila bamba limezidi kipimo cha kitabu kwa digrii 8 na dakika kidogo.

---

torsheni_na_grisi

8 na dakika kidogo, pande zote mbili. Jino moja la nje, basi. Aliyefanya alikuwa na haraka lakini angalau alikuwa sawasawa.

Nikianza na usukani, maana hapo pana hatari ya kuharibu kitu cha bei. Mizunguko 2.6 maana yake katikati ni 1.3. Wewe umenyooka ukiwa 1 kwa 1.6, kwa hiyo stelingi boksi yako inafanya kazi ikiwa imekaa pembeni. Mtu alipanga toe kwa kuzungusha fimbo (tai rodi) ya upande mmoja tu, usukani ukawa umepinda, akauchomoa na kuurudisha umenyooka. Boksi ya Volksi imetengenezwa ikaze katikati peke yake na kulegea kidogo kidogo kuelekea mwisho wa kila upande. Kwa hiyo sehemu ya huo mchezo wa milimita 30 ni kwamba unaendesha kwenye eneo lililolegea kwa makusudi. Ukikaza skrubu hapo mpaka mchezo uishe, siku utakayopita katikati itabana na kula meno. Kwanza rudisha boksi katikati: kuna alama kwenye pete ya shina la boksi, inakutana na mshono wa mwili wa boksi. Ikikutana, chomoa usukani uunyooshe, kisha urekebishe fimbo ZOTE MBILI mpaka magurudumu yanyooke. Ndipo upime mchezo tena. Ukibaki zaidi ya 15, hapo sasa skrubu, magurudumu yakiwa hewani na boksi palepale katikati, robo ya robo ya mzunguko kwa wakati.

Beringi ya kushoto: ifungue, ioshe, iangalie kama njia yake imebadilika rangi au ina vijishimo. Kama ni safi, jaza grisi mpya na urekebishe. Nati ya kubana inashikwa na skrubu ya funguo ya Allen. Kumbuka upande wa KUSHOTO uzi wake ni wa kinyume, wengi wameuvunja wakidhani umeshika kutu. Kaza ukizungusha ngoma mpaka ishike, legeza, halafu kaza taratibu hadi ile washa ya nyuma ya nati iweze kusukumwa kidogo tu kwa ncha ya bisibisi. Hiyo ni milimita 0.03 hadi 0.12 za mchezo. Ikibana kabisa itaungua.

Sasa nyuma. Kwa kuwa mabamba yako yamekwishafunguliwa:

Kama hamkupiga alama ya patasi kati ya bamba na flanji ya eksili kabla ya kufungua, toe ya nyuma imepotea na mtalazimika kuipima upya. Kama mlipiga, hongera kwa fundi.

Bamba likiwa bado limekalia ule mdomo wa chini wa nyumba ya torsheni, lina nguvu ya kuvunja mkono. Jeki ya sakafu chini ya ncha yake, mnyororo juu ukilifunga na jeki, ndipo ulitoe kwenye mdomo na kulishusha taratibu. Hakuna mtu mbele ya bamba. Usitumie ile jeki ya gari.

Ili kushusha jino moja la nje, vuta bamba litoke kwenye meno ya nje tu, chuma kikibaki kimeshika ndani, lizungushe jino moja na urudishe. Ni hivyo tu, na umerudi kwenye namba ya kitabu. Ukitaka kurekebisha kwa udogo, ndani kuna meno 40, yaani 9° kwa jino. Sogeza ndani jino moja upande huu na nje jino moja upande ule, tofauti inayobaki ni 50', kama milimita 6 kwenye gurudumu. Mtumie hiyo kulinganisha kushoto na kulia. Vyuma vimeandikwa L na R kwenye ncha na havibadilishani pande, vilikwisha kukazwa kiwandani kuelekea upande wake.

Hakikisha namba mliyotumia ni ya chasi yako. Volksi zenye ule mchuma wa kusaidia mzigo unaopita nyuma ya giaboksi zina pembe tofauti na zisizo nao, na kitabu kina safu mbili. Kama mchuma uliondolewa zamani, mabano yake bado yanaonekana.

Mkiwa hapo, badilisha raba za bamba, za ndani na za nje. Zipake poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani. Grisi inaziyeyusha.

Mwisho wa huko nyuma ni nati kubwa ya eksili, spana ya 36. Ikilegea, meno ya ngoma yanasagika na gurudumu linayumba kwa njia ambayo mashine yoyote itaita kemba. Inakazwa Nm 294 angalau, na huipati kwa spana ya kawaida. Gari likiwa chini, gia imeingia, weka bomba refu kwenye spana. Mtu wa kilo 75 akisimama sentimita 40 kutoka katikati ya nati, bomba likiwa limelala sambamba na ardhi, amefika. Halafu endelea kukaza mpaka tundu la pini likutane. Usirudi nyuma kulitafuta.

Na tairi za nyuma: ukinunua, rudi 155.

---

rimu_pana

Lakini ile ya kuinuka ilikuwa inamsaidia kwenye matuta. Akishusha atakuwa anakwaruza chini kila siku.

---

torsheni_na_grisi

Kimo cha kiwanda cha Volksi kinapita tuta lolote ambalo gari dogo la leo linapita, na sakafu yake ni bapa. Kinachokwaruza kwa kawaida ni ncha za bomba la moshi. Upande wa pili wa mizani ni huu: kwa digrii 5 za matege, ukikata kona kwa kasi kwenye mteremko wa Mai Mahiu na mvua, gurudumu la nje linasukumwa chini ya gari, mwili unainuka zaidi, matege yanaongezeka, na mshiko unaisha palepale. Ndiyo tabia ya eksili za kubembea. Kimo kikiwa sawa inadhibitika, kikizidi haikupi onyo.

---

kobe_wa_langata

Nyuma imeshuka, kipimo kiko sawa pande zote, alama za patasi zilikuwepo. Tai rodi endi ya kushoto ni mpya kutoka Kirinyaga Road, beringi imerekebishwa, boksi iko katikati na mchezo sasa ni milimita 12 bila kugusa skrubu. Toe naomba niipime mwenyewe nyumbani kabla ya kurudi kwenye mashine. Nimesikia watu wanasema "milimita 3". Milimita 3 kutoka wapi hadi wapi?

---

bi_spana

Swali zuri kuliko yote kwenye huu uzi, maana milimita bila mahali pa kupimia hazina maana. 0°30' ukiipima kwenye ukingo wa rimu ni kama milimita 3.3. Ukiipima katikati ya kashata ya tairi ya 155R15, yenye kipenyo cha karibu milimita 635, ni 5.5. Fundi mmoja akisema 3 na mwingine 5, huenda wote wako sawa. Mwenye 3 kwenye kashata amekupa 0°16', iko pembezoni kabisa mwa kipimo.

Nyumbani fanya hivi. Sakafu tambarare. Upepo sahihi, tanki limejaa, tairi ya akiba mahali pake, hakuna mtu ndani. Inua pua, zungusha kila gurudumu ukiligusisha chaki katikati ya kashata ipate ukanda mweupe, halafu shikilia msumari uliopigiliwa kwenye kipande cha mbao kizito uchore mstari mmoja mwembamba gurudumu likizunguka. Huo mstari ndio kipimo chako, kwa sababu umejichora wenyewe kwenye duara la kweli hata kama rimu imepinda kidogo.

Shusha. Hapa wengi wanaharibu: gari likitoka kwenye jeki magurudumu yamebana kwa ndani na hayatulii. Lisukume mbele mita tatu au nne kwa mkono, na ubonyeze pua mara mbili. Mbele tu. Ukilipitiliza usilirudishe nyuma, zunguka uanze tena, kwa sababu kurudi nyuma kunageuza mvuto wote kwenye viungo na utapima toe ya gari linalorudi.

Pima kati ya mistari miwili nyuma ya magurudumu, kwa kimo cha katikati ya eksili, na mbele kwa kimo hicho hicho. Nyuma utapita chini ya gari na tepu, ishikwe na mtu wa pili. Kama bodi inazuia, tumia fimbo mbili za mbao zinazoteleza zilizofungwa raba. Nyuma toa mbele. Unataka 5.5, na chochote kati ya 2.8 na 8.3 kiko ndani ya kitabu.

Ukirekebisha, legeza vibano vya fimbo, zungusha robo mzunguko upande wa kushoto na robo upande wa kulia ili boksi isihame katikati, kaza, sukuma gari mbele tena, pima tena. Ukitaka magurudumu yageuke bila kuliondoa gari, weka chini ya kila tairi vigae viwili vya sakafuni, vikitazamana kwa upande laini, na grisi katikati. Vinateleza kama sahani za mashine.

Kemba ya mbele iache kwanza. +0°25' na +0°35' ziko ndani ya +0°30' ± 0°20', na kushuka kwa nyuma hakuzibadilishi kwa kiasi cha kujali. Siku ukihitaji, inarekebishwa kwa ile bushi ya chuma yenye tundu la pembeni iliyoshika boljointi ya juu, na kila ukiigusa lazima toe ipimwe upya.

Bimu ipige grisi kabla ya yote haya, pua ikiwa hewani na magurudumu yananing'inia, mpaka grisi chafu itoke. Ukipiga grisi gari likiwa chini inapita upande usio na mzigo tu.

---

kobe_wa_langata

Nilianza na milimita 1, nimeishia 5. Nimeenda mpaka Athi River na kurudi, 90 kwa mkono mmoja, lori likipita inasogea kidogo na kurudi yenyewe. Mtetemo bado upo kwa mbali.

---

bi_spana

Hayo ni mabonde ya ile tairi ya kushoto, hayaondoki kwa balansi. Ipeleke nyuma kulia kama kashata inaruhusu, au itoe. Na ukienda kituo cha mafuta, shuka garini kabla mhudumu hajaiona ile Volksi, la sivyo utarudi na psi 30 mbele.